Mwaka wa Kumwagia Kokoto Maji

Tulimzika Mwalimu Mgalula pale Mpanda, mchana wa jua kali, na wasifu wake uliposomwa nilisikia vyeo vyote alivyowahi kushika, semina zote, wajukuu wote, ila sikusikia neno hata moja kuhusu kokoto. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na Jenerosa, ambaye siku hizi miguu inamsumbua. Msomaji alipofika miaka ya tisini akaipita kwa sentensi moja, kwamba marehemu "alifanya kazi ya ufugaji wa samaki katika kituo kimoja cha masista," Jenerosa akanigusa goti. Nami sikulia. Nadhani waliokuwa wananitazama walisema moyoni kwamba mama huyu amezoea misiba, kwa umri wake. Ukweli ni kwamba mtu yule nilimjua katika mwaka ambao sikuwa na machozi, na mpaka leo nikimkumbuka, mwili wangu unarudi kuwa vile ulivyokuwa: mkavu, mtulivu, mikono ikitafuta ndoo.

Nilifika kituoni mwanzo wa kiangazi, nikiwa na miaka kumi na tisa. Mtoto wangu, binti, alikuwa amezikwa muda mfupi kabla, homa ya malaria iliyoanza Jumamosi kama mafua tu. Shangazi ndiye aliyenileta, tukiwa tumepanda juu ya lori la tumbaku, na sebuleni kwa masista alizungumza habari zangu mbele yangu kama mtu anayeeleza mzigo. "Hali mpaka aambiwe, haongei, halii. Mpeni kazi yoyote, Sista, hata ya kubeba mawe." Sista Leokadia, mkuu wa kituo, mama mrefu wa Kifipa aliyekuwa na tabia ya kusafisha miwani yake kila alipotaka kufikiri, alinitazama kwa kitambo. "Mawe yapo," alisema. Nilidhani ni namna ya kusema. Nakumbuka chai iliyoletwa, ilikuwa na maziwa na tangawizi, na nakumbuka kwamba niliinywa yote bila kujua kama ilikuwa ya moto au imepoa. Shangazi alipoondoka alinishika uso kwa mikono miwili. Nikaona midomo yake inatetemeka, nikasubiri amalize.

Chumba walichonipa kilikuwa na vitanda viwili, sakafu ya simenti nyekundu iliyosuguliwa ikang'aa, na dirisha moja lenye wavu uliotobolewa na kuzibwa kwa uzi. Kitanda cha pili kilikuwa cha Jenerosa, wa Katumba, aliyenizidi miaka michache. Mume wake alikuwa kule na tumbaku yake, akija Jumapili moja moja kwa baiskeli, na Jenerosa alikuwa na mtoto wa kiume anayeanza kukaa, Ezekieli. Sista hakuwa amefikiria jambo hilo, au pengine alilifikiria sana. Siku ya kwanza Jenerosa alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, akaniangalia, kisha akageuka upande ili mtoto asitazamane nami. "Wameniambia," alisema. "Ukitaka nihame na huyu, nitahama." Nikamwambia hapana, haina shida. Nilisema kweli. Mtoto yule alikuwa kitu kilichomo chumbani, kama beseni. Alipolia niliisikia sauti na sikusikia kingine. Sasa ninapoandika haya naogopa kidogo kuhusu yule msichana niliyekuwa, lakini wakati ule sikuogopa. Hata hofu ilihitaji mtu wa kuihisi.

Kituo kilizalisha vifaranga vya samaki, perege, ili wagawiwe watu wa vijijini waliokuwa wakichimba mabwawa. Nyuma ya jiko palikuwa na banda la mabati lenye matangi mawili ya simenti, na kando ya kila tangi pipa kubwa la chuma lililojazwa kokoto. Kila pipa lilikuwa na pampu yake ya umeme iliyovuta maji kutoka tangini, ikayapandisha juu ya pipa, yakachuja kupitia kokoto na kurudi tangini kwa bomba, yakimwagika mchana kutwa na usiku kucha. Kisima chetu kilikuwa hafifu, maji mapya hayakupatikana kirahisi, kwa hiyo maji yale yale yalizunguka. Mwalimu Mgalula ndiye aliyejenga kila kitu. Alikuwa amesomea samaki chuoni, mtu wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mwenye shati lililochomekwa hata akiwa ameingia tangini hadi mapajani. Kazi niliyopewa kwanza ni kufagia banda na kuondoa majani. Siku nilipofunua pipa nikakuta kokoto zimeota utelezi wa kahawia, nilikwenda kuchukua sabuni.

"Wewe, Skola! Unataka kufanya nini?"

"Kuziosha, Mwalimu. Zimechafuka."

"Usithubutu!" Alikuja akanipokonya sabuni, kisha akaona aibu kwa kunifokea. Akachukua kokoto moja akaniwekea kiganjani. "Shika. Huo utelezi ndio kazi yenyewe. Samaki wanakojoa humo humo wanamoogelea. Mtoni mkojo unakwenda zake, hapa unabaki, na ni sumu. Sasa kuna bakteria wamejishika kwenye hizi kokoto, wengi kuliko watu wote wa dunia hii, wanaila hiyo sumu. Lakini na wao wanapumua. Maji yakipita yanawaletea chakula na hewa. Maji yakisimama…" Akakunja ngumi. Nilishika kokoto ile mpaka alipoondoka. Ilikuwa na ubaridi na utelezi kama ulimi. Ilikuwa kitu cha kwanza kwa muda mrefu ambacho naweza kusema nilikigusa.

Umeme wa mji ulitoka kwenye mashine za dizeli, na dizeli ilikuja kwa treni ya Kaliua. Treni ikichelewa, mji ulikaa bila umeme, na hatukuona ajabu. Mwalimu alikuwa akizima pampu mwenyewe kila ulipokatika. Lakini siku moja alikuwa ametumwa Kasekese kukagua mabwawa, akalala huko, na nyuma yake umeme ukakatika asubuhi, ukarudi kesho yake tukiwa tunakunywa uji. Pampu ya tangi la kwanza iliachwa kwenye swichi, kwa hiyo ikawaka yenyewe, ya pili ilikuwa imezimwa. Tulisikia maji yakianza kumwagika, na Bibi Fortunata, mpishi, akasema, "Haya, samaki wamepata maji yao." Kisha ikaja harufu. Ilikuwa ya yai viza, iliingia jikoni mpaka tukaweka vikombe chini. Tulipofika bandani bomba lilikuwa likitema maji meusi, na perege walikuwa juu, vinywa wazi, wanatweta. Jenerosa alikimbia kuzima pampu, lakini kilichokuwamo kwenye pipa kilikuwa kimeshaingia. Kufikia saa sita tangi la kwanza lilikuwa jeupe kwa matumbo ya samaki.

Mwalimu alirudi alasiri akiwa na vumbi la barabara mpaka kwenye kope. Hakumfokea mtu. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatia mkono kwenye kokoto, akanusa vidole. "Si kukatika kwa umeme kulikowaua," alisema, kama anayejisomea. "Ni kurudi kwake. Maji yalisimama humu ndani, hewa ikaisha, bakteria wetu wakazimia, wakaingia wengine wasiohitaji hewa, wakaozesha. Pampu ikaja ikausukuma uozo wote kwa samaki." Tuliwazika perege wale chini ya mipapai. Jenerosa alikuwa analia waziwazi, machozi yakimdondokea Ezekieli kichwani, na mimi nilichota kwa koleo, nikafukia, nikachota. Alinitazama mara moja, si kwa lawama. Nikaona kwamba ananilinganisha na kitu asichokijua.

Jiko letu lilikuwa na kidirisha cha kupitishia vyakula kwenda chumba cha masista, na kila kilichosemwa upande ule kilitufikia pamoja na mvuke wa maharage. Siku ile tulikuwa tunachambua migebuka mikavu iliyotoka Karema, maana samaki wetu wenyewe hatukuwahi kuwala, tulipomsikia Sista Leokadia akisema, "Mwalimu, banda lile linatosha vyerehani. Wasichana wajifunze kushona. Cherehani haifi umeme ukikatika."

"Sista, watu wa Kasekese wameshachimba. Nimetoka kuona. Wamechimba kwa majembe ya mkono, wanawake kwa wanaume."

"Wamechimba kwa ahadi yako."

"Ndiyo. Kwa ahadi yangu."

Nilijua Sista anasafisha miwani. "Tangi la pili limebaki," alisema mwishoni. "Nakupa kiangazi hiki. Hilo nalo likifa, sitaki tena kusikia habari ya samaki." Bibi Fortunata alitikisa kichwa, akamnong'oneza Jenerosa, "Baba wa watu atakonda." Mimi niliendelea kutoa miiba.

Kisha mashine ya mji ikaharibika kabisa. Ilisemekana kipuri kinasubiriwa kutoka Dar, na kila aliyepita kituoni alikuja na habari yake: kimefika Tabora, kimepotea Tabora, kilicholetwa si chenyewe. Ilikuwa wakati wa baridi, asubuhi moshi wa misitu inayochomwa ulitanda mpaka jua likawa jekundu kama nyanya. Mwalimu alituita mimi na Jenerosa bandani, akafungua koki chini ya pipa la tangi lililobaki, akayaacha maji yote ya ndani yatoke nje, kwenye bustani. Jenerosa alishika kiuno. "Mwalimu, si unawaua? Wanataka maji."

"Wanataka unyevu na hewa. Wakizama kwenye maji yaliyosimama wanakosa hewa, wanakufa. Lakini wakiwa kwenye kokoto mbichi tu, hewa inapita katikati. Wanaweza kukaa hivyo muda mrefu. Hawafi upesi kama watu wanavyodhani. Kwanza wanaacha kufanya kazi. Wanakaa tu." Akatuonyesha: kuchota maji tangini kwa ndoo, kuyamwaga taratibu juu ya kokoto kwa keni ya bustani, yateremke yarudi tangini, na kuchota tena. Mchana tutapokezana. Jioni tufunike pipa kwa magunia yaliyoloweshwa. Na samaki wasipewe chakula, kwa sababu asiyekula hakojoi sana, na bakteria waliobaki hawataweza kazi kubwa.

Sitasema kwamba nilijifananisha na bakteria wale. Wengine niliowasimulia wanapenda kunikatisha hapo, wakanieleza maana yake. Nilichokuwa nacho ni keni, mgongo unaouma, na agizo lililoeleweka. Kuchota, kumwaga, kusikiliza maji yakishuka kati ya mawe. Jenerosa aliongea kwa zamu yake na kwa zamu yangu, juu ya mume wake, juu ya mama yake aliyevuka kutoka Burundi akiwa na mimba yake tumboni, juu ya mchele wa Mpimbwe unavyonukia. Hakungoja nijibu. Siku nyingine aliimba kwa Kirundi huku Ezekieli amekaa kwenye khanga akipiga sakafu kwa kijiko. Watoto wa shule walichungulia mlangoni wakacheka: wanawake wazima wanamwagilia mawe.

Mtu wa kwanza kutuvurugia alikuwa mwenye huruma kuliko sisi sote. Bibi Fortunata hakuvumilia kuona samaki wamekonda vichwa vimekuwa vikubwa kuliko miili. Alikuja wakati sisi tuko kwenye chakula, akawamwagia ukoko wa ugali uliobaki kwenye sufuria. Mwalimu alikuwa na chupa ndogo ya dawa ya kupimia. Maji salama yakidondoshewa dawa hiyo yalibaki manjano, yenye sumu yaligeuka kijani. Alasiri ile yaligeuka kijani kibichi kama majani ya maharage. Bibi alikiri palepale, mikono kwenye aproni. "Mwanangu, nilidhani mnawatesa. Mtu haachwi na njaa kwangu." Mwalimu alifumba macho, akayafumbua. "Hujakosea kuwahurumia, Bibi. Tuchote tu." Tukayapunguza maji ya tangi, tukachota kisimani mpaka ndoo ikaanza kuleta tope, masista wenyewe wakibeba ndoo, Sista Leokadia akiwa amekunja mikono ya gauni lake. Siku mbili tulioga kwa kikombe. Hakuna aliyenung'unika mbele yangu, na samaki hawakufa, isipokuwa wachache waliokuwa wameshalala ubavu.

Halafu Ezekieli akapata homa. Ilianza kama mafua tu. Jenerosa alimpima kwa shavu lake asubuhi, akasema, "Anaungua," akanitazama, akaona amesema kwa nani. Akamfunga mgongoni akaenda hospitali ya mji kwa miguu, bila kuaga. Mimi nikaenda bandani. Nilichota na kumwaga zamu yangu, nikachota na kumwaga zamu yake. Bibi Fortunata alileta ugali na kisamvu, akakuta chakula cha mchana bado kipo. Mwalimu akaja akasema, "Skola, zimelowa. Inatosha, pumzika." Nikasema ndiyo, nikachota. Hakunikataza tena. Alichukua ndoo ya pili akawa ananijazia keni, tukafanya hivyo mpaka pipa likafunikwa kwa magunia. Kesho yake hivyo hivyo. Ningekwenda hospitali ningeweza kujua hali ya mtoto, ilikuwa karibu. Sikwenda. Nilijua wodi ile ina rangi gani, nilijua benchi lipi lina mguu mfupi. Watu wameniuliza nilikuwa nafikiri nini, na jibu langu limekuwa lile lile kwa miaka yote: nilikuwa naangalia kokoto za pembeni, ambazo hukauka kwanza.

Jenerosa alirudi mchana wa siku ya tatu, macho mekundu, khanga imechafuka. Alikuja moja kwa moja bandani. Hakuuliza nilikuwa wapi. Alimfungua Ezekieli mgongoni akamweka mikononi mwangu kama anavyokabidhiwa mtu mzigo mwingine wowote, akasema, "Mshike, sha," kama wanavyomwita rafiki kwao, "mikono imekufa ganzi," akaketi chini sakafuni palipolowa, akanyoosha miguu. Mtoto alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Alinuka dawa. Alinitazama kwa makini ya mgonjwa anayepona, kisha akainamisha kichwa akaning'ata bega kwa meno yake mawili. Niliyahisi meno. Niliyahisi kwa mbali, kama mtu anayesikia mlango wa nyumba unagongwa akiwa chumba cha nyuma kabisa. "Ihorere," Jenerosa alisema kutoka chini, neno la kwao la kumbembeleza mtu, na sikujua anambembeleza nani. Tulikaa hivyo mpaka Jenerosa akapitiwa na usingizi amekaa, na mimi nikaendelea kumwagia kokoto kwa mkono mmoja.

Umeme ulirudi miti ikiwa imeanza kutoa majani mapya mekundu, joto limeshaingia. Safari hii Mwalimu hakuruhusu mtu kugusa swichi. Alielekeza bomba nje, akapitisha maji kwenye kokoto mpaka yakatoka safi bila harufu, ndipo akayarudisha tangini. Chakula cha samaki alikitoa kwa ncha za vidole. Siku za kwanza dawa ya chupa iligeuka kijani hafifu, na kila asubuhi Sista Leokadia alikuja kusimama mlangoni, haingii, anauliza kwa macho. Rangi ilififia polepole. Asubuhi moja maji yalibaki manjano, Mwalimu akayainua kwenye jua, akayaangalia, akampa Sista kichupa akishike. "Wanakula," alisema. Sista alidhani anasema samaki. Alimrudishia kichupa akasema vyerehani vinaweza kukaa kwenye ukumbi, kisha akaenda zake kanisani. Jenerosa alinirukia shingoni. Nilijua ni jambo jema. Nililijua kama mtu anavyojua jina la mji ambao hajafika.

Perege walitaga, vifaranga wakatoka, na kabla mvua hazijaanza tuliwapeleka Kasekese kwa pikapu ya masista, wakiwa kwenye mifuko ya nailoni iliyojazwa maji na hewa. Jenerosa alibaki na mtoto. Nilikaa nyuma nikiishika mifuko isigongane, na barabara yote Mwalimu alichungulia kwa dirisha la nyuma kama baba aliyepakia wagonjwa. Bwawa la kwanza lilikuwa la familia ya Wasukuma, waliokuja na ng'ombe kutoka kaskazini wakaamua kulima pia. Walikuwa wamelichimba zamani mno hata nyasi zimeota kwenye kingo. Mwenye nyumba aliuinamisha mfuko majini kama alivyoelekezwa, vifaranga wakasita mdomoni mwa mfuko, kisha wakatoka wote pamoja, wakatawanyika. Watu walipiga makofi. Mwalimu Mgalula aliwapa mgongo akaangalia mashamba kwa muda mrefu.

Baadaye wanaume walibaki bwawani, nami nikaitwa jikoni kwa mama mwenye nyumba. Lilikuwa jiko la udongo, chini pamesiribwa, moshi unatokea kwenye nyasi za paa. Mama yule alikuwa amepika ugali wa mahindi na mlenda wenye karanga, na kuku. Msichana wa miaka sita hivi alikuwa akipuliza moto. Mama aliniwekea kigoda, akaniambia nijisikie nyumbani. "Mimi naitwa Mama Kulwa," alisema.

Nikamwangalia yule mtoto. "Huyu ndiye Kulwa?"

"Huyu ni Doto. Kulwa, pacha wake, alikufa kwa surua, wamejifunza kutembea tu." Alisema huku anageuza ugali, bila kuinua sauti wala kuishusha. "Na wewe, nikuite mama nani?"

Toka tuliporudi makaburini hakuna aliyekuwa ameniita hivyo. Nyumbani walirudi kwenye jina langu la utotoni, kituoni wakalipokea hilo hilo, na nadhani wote walikusudia kunihurumia. Doto aliacha kupuliza moto, akawa anangoja jibu pamoja na mama yake. Nilifungua kinywa. Nikasikia koo linaniuma, kwelikweli, kama mtu aliyemeza mfupa.

"Mama Editha," nikasema.

"Haya, Mama Editha." Alinisogezea beseni, akashika jagi. "Lete mikono, unawe."